Siyo ya Vichaa

Ndugu msomaji, nianze na kosa langu mwenyewe, maana sisi vijana tunaoshika kalamu huwa tuna haraka ya kuanza na makosa ya wengine. Kosa hili nililitenda nyumbani kwetu, Sogea, mjini Tunduma, Jumapili mchana, mbele ya sinia la wali na kuku wa kienyeji. Tena nililitenda kwa kusema kweli.

Tulikuwa na mgeni. Shangazi yake mchumba wangu alipita "kusalimia tu", na kila msichana ambaye mshenga amekwisha kufika kwao anaijua maana ya kusalimia huko. Mtu anasalimia huku macho yanahesabu. Sufuria zimesuguliwa? Pazia limefuliwa? Binti anaamkia kwa kupiga magoti, au anarusha shikamoo kama anarusha nauli kwa konda? Mambo yalikwenda poa mpaka nilipoinuka kuleta maji ya kunawa. Juu ya kabati la vyombo, kando ya kopo la majani ya chai, nilikuwa nimesahau pakiti yangu ya vidonge. Shangazi akaichukua, akaigeuzageuza. Mama yule alifanya kazi ya usafi katika hospitali moja kwa miaka mingi, na dawa anazijua kwa sura kama sisi tunavyozijua noti za kwacha.

"Mwanangu," akasema, "hizi si ndizo wanazopewa wagonjwa wa akili?"

Nikacheka. Nikamjibu upesi, bila hata kuweka chini birika la maji: "Hapana, shangazi! Hizi ni za kipandauso. Siyo za vichaa."

Shangazi akashusha pumzi. Pakiti ikarudi kabatini, wali ukaliwa. Lakini jikoni, ambako mlango ulikuwa wazi, mama mdogo alikuwa anamenya machungwa huku akiuvuta wimbo wa kwaya puani, na ule wimbo ukakatika.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, tunakaa naye. Anameza dawa hiyo hiyo. Jina lile lile, rangi ile ile, miligramu 25 kwa kila kidonge. Mimi kimoja usiku, yeye vitatu. Mimi nina kipandauso, yeye ana sonona.

Sasa, kabla hamjanihukumu, niwaeleze kipandauso ni kitu gani, maana wapo wanaodhani ni jina la kistaarabu la uvivu. Kwangu mimi kwanza huja mwanga. Nimeketi kwenye kibanda changu cha steshenari karibu na mpaka, natoa fotokopi za karatasi za madereva, mara pembeni ya jicho kinatokea kitu kama kipande cha kioo kinachocheza juani. Kinakua, kinakuwa mstari wa meno ya msumeno unaowakawaka, na katikati yake herufi zinaliwa: nasoma "Tu", halafu pengo, halafu "ma". Dakika 20, pengine nusu saa. Kisha mwanga unaondoka na nyundo inaingia. Upande mmoja wa kichwa unapiga sambamba na moyo, tumbo linapanda kooni, na hata harufu ya wino wa mashine inageuka kuwa adui. Shambulio lisipotibiwa huchukua muda wa saa 4 mpaka 72. Siku tatu nzima, bwana! Si wote wanaoona ule mwanga, lakini nyundo tunaijua wote.

Halafu fikiria mtu mwenye ugonjwa wa kuchukia mwanga, makelele na harufu anaishi Tunduma. Mji huu, tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, ni malori. Yanatoka Dar es Salaam yanakwenda Zambia na Kongo, mengine yanarudi na shaba, na foleni ikikaa vibaya inafika mpaka upande wa Mpemba. Taa zake zinapita madirishani kwetu kama kurunzi la askari. Kuna honi, kuna moshi wa dizeli, kuna vumbi la kiangazi na wabadilisha fedha wanaoita wateja. Mwaka 2019 walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha baina yetu na Nakonde, na karatasi zinakwenda haraka kuliko zamani, lakini lori halijafundishwa kunong'ona.

Wala msidhani ni ugonjwa wa watoto wa mjini waliozoea feni na soda baridi. Kati ya Desemba 2003 na Juni 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba huko Haydom, kaskazini mwa nchi yetu, vijijini kabisa, wakawauliza watu 7,412. Waliokuwa na kipandauso walikuwa kama 4 katika kila 100, na wanawake walikaribia mara tatu ya wanaume. Bibi anayepalilia mahindi naye anaona kile kioo, ila hana jina la kukiita, anaambiwa ana jini.

Mimi pia niliambiwa. Niliombewa, nikanyweshwa mizizi, nikafungwa kitambaa kichwani. Zaidi ya yote nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu kama karanga, mpaka nikafika mahali nikawa naumwa kichwa karibu kila siku. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba vidonge vile, ukivimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, navyo huzaa maumivu ya kichwa. Yaani nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa.

Siku moja mchumba wangu akanipakia kwenye Coaster, tukateremka Mbeya kumwona daktari. Kijana tu, ana uso wa mtu aliyekosa usingizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinifanya nitake kulia. Akaniambia kuna dawa za kuzuia shambulio kabla halijaja, unameza kila siku hata kama huumwi. Akaandika amitriptilini. Nusu kidonge kwa wiki mbili, kisha kizima, kila usiku, na nisitegemee muujiza kabla ya wiki sita mpaka nane. Akanionya kuwa ni dawa ya cheti, nisimgawie mtu, niiweke mbali na watoto kwa sababu ikimezwa nyingi kwa pamoja inapiga moyo na kuua, na nisije nikaikatisha ghafla. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nisishtuke nikisikia ni dawa ya sonona.

"Lakini daktari, mimi sina huzuni."

"Unalala vizuri? Unafurahia mambo uliyokuwa unayafurahia?"

"Ndiyo," nikasema. Nilisema haraka mno. Jambo hilo nitalirudia.

Nyumbani nikaanza kumeza. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa mateso madogo madogo: mdomo mkavu kama umetafuna gunia, choo kigumu, njaa za ajabu ajabu saa nne usiku, na asubuhi nilikuwa naamka mzito kama gunia la kahawa ya Mbozi. Nikavumilia. Nilikuwa na daftari, kila shambulio naandika. Mwezi niliokwenda Mbeya lilikuwa na siku tisa za nyundo. Mwezi wa tatu siku tatu. Haikuisha, na sidai kwamba iliisha, lakini mtu aliyerudishiwa siku sita katika mwezi wake anajua thamani yake.

Kuna washikaji katika kikundi chetu cha uandishi walionishauri niache. Wanasema maumivu ndiyo mtaji wa mwandishi, nikitulizwa nitakauka. Nawaheshimu, lakini walisema hivyo wakiwa wazima. Wakati wa nyundo sijawahi kuandika hata mshororo mmoja. Nilikuwa naandika siku za nafuu, na sasa ninazo nyingi.

Tatizo langu halikuwa dawa. Lilikuwa jina lake. Basi nikaanza kuchimba, kwa tabia yangu ya kupenda kujua, jina hilo limetoka wapi.

Mwaka 1956 daktari mmoja wa Uswisi aitwaye Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen, alikuwa na dawa mpya mkononi, imipramini, ambayo ilitarajiwa kuwasaidia wagonjwa wa skizofrenia. Hao haikuwafaa. Akawajaribia wenye sonona, nao wakaanza kuamka, kula, kuongea. Mwaka 1957 akatangaza matokeo. Amitriptilini ni ndugu yake imipramini, na ilipoingia sokoni mwaka 1961 iliingia kwa mlango huo huo wa sonona. Kisha madaktari wakaanza kuona kwamba baadhi ya wagonjwa wanapona na vichwa. Miaka ya 1970 wakaipima kwa majaribio, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge kitupu. Mashambulio yalipungua kwa waliopewa dawa. Na kilichowashangaza ni kwamba nafuu ya kichwa haikuifuata nafuu ya moyo: hata asiyekuwa na sonona alifaidika, tena kwa dozi ndogo. Inasemekana siri iko katika serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo mishipa ya fahamu huzitumia kupelekeana habari, pamoja na habari za maumivu.

Na si hiyo tu. Propranololi, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, ilitengenezwa kwa ajili ya moyo. Dawa ya kifafa nayo imeazimwa kwa kazi hii. Kwa miaka mingi wenye kipandauso tumeishi kwa kuazima. Ilipofika mwaka 2018 ndipo Marekani ikaidhinisha erenumab, sindano iliyobuniwa mahsusi kwa kuzuia ugonjwa wetu, na huku kwetu mtu wa kawaida haioti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kwetu. Fenobabitali ilianza maisha yake kama dawa ya usingizi. Mwaka 1912 Mjerumani mmoja, Alfred Hauptmann, akagundua kwamba wagonjwa wake wa kifafa wakiimeza hawaanguki ovyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mahali ambapo mwenye kifafa alitengwa kwa hofu ya kuambukiza, na dawa aliyoitumia ilikuwa hiyo hiyo ya usingizi. Hivi nani angemwendea mgonjwa wa Mahenge akamwambia, "Wewe unameza dawa ya watu wasiolala"?

Sisi watu wa mpakani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Wanyamwanga wapo Tunduma na wapo Nakonde, ukoo mmoja, lugha moja. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani waligawana nchi huko kwao Ulaya, mstari ukapita katikati ya watu. Leo gunia la mahindi likiwa upande ule ni chakula, likivuka njia ya panya ni magendo, likivuka getini ni bidhaa. Mahindi hayajui lolote. Kidonge changu nacho kilikuwa hivyo. Kikiwa mkononi mwangu kinaitwa kinga ya kipandauso, kikivuka sebule mpaka mkononi mwa mama mdogo kinaitwa dawa ya vichaa. Na mlinzi wa mpaka huo, niliyekuwa nagonga mihuri, nilikuwa mimi.

Niwaeleze sasa habari za mama mdogo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Lubumbashi. Alifariki barabarani, upande wa Zambia, na mwili wake ulipita mpaka ule ule kwa karatasi ambazo mimi nilizitolea fotokopi. Baada ya arobaini kila mtu alirudi kwenye shughuli zake isipokuwa yeye. Genge lake la nyanya na dagaa pale Kaloleni likafungwa. Akawa analala mchana na kukesha usiku, hali, hacheki, haombi. Tukadhani ni msiba. Ulipopita mwaka msiba haujaondoka tukampeleka hospitali, na huko wakatuambia ni sonona, wakampa kliniki na vidonge. Kidogo kidogo akarudi. Siku aliyogombana na mteja juu ya shilingi mia mbili, mama yangu alikwenda kanisani kutoa sadaka ya shukrani.

Ndiye huyo aliyenisikia Jumapili ile.

Hakusema kitu. Aliosha vyombo, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani kwa heshima zote. Wiki ya kwanza sikuona mabadiliko, nilikuwa nashughulika na mambo yangu ya mahari na vikao. Wiki ya pili nikaona hatulii, anatapika asubuhi, usiku namsikia anatembea. Wiki ya nne genge halikufunguliwa. Nilikwenda mwenyewe, nikakuta nyanya zimeoza ndani ya tenga, maji yake yanachuruzika mpaka kwenye mtaro. Nikarudi nyumbani. Ndani ya kitenge chake cha msiba, kilichokunjwa chini kabisa ya sanduku, nikakuta vidonge vya mwezi mzima.

"Mama mdogo, kwa nini?"

Alikuwa amelala, ameelekea ukutani. "Mwanangu," akasema, "si umesema mwenyewe kuna za kipandauso na kuna za vichaa? Mimi kichwa hakiniumi. Basi zangu zitakuwa zile nyingine. Na mimi siyo kichaa. Nimeacha."

Sikuwa na jibu. Neno alilolitumia lilikuwa langu. Alikuwa na haki ya kulitumia kama mimi, tena kwa hoja iliyonyooka kuliko yangu.

Hapa ndipo swali langu lilipo, msomaji, na limeninyima usingizi kuliko malori. Nilikosa nini hasa? Sikudanganya. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alikwenda mbali mpaka kusema kwamba hata muuaji akigonga mlango wako akimtafuta rafiki uliyemficha ndani, huruhusiwi kumwambia uongo. Kwa kipimo hicho mimi ni msafi kabisa! Nilisema kweli mbele ya shangazi, kweli iliyothibitishwa na daktari, kweli ambayo ningeweza kuitolea fotokopi. Ila sidhani kama Kant mwenyewe angekubali kuwa wakili wangu. Ni yeye pia aliyeandika kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kutimizia haja za mwingine, na mimi nilimtumia mama mdogo kama tambara la mlangoni. Nilijipangusa miguu kwake ili niingie kwa wakwe nikiwa safi.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi mzuri kuliko mimi, alinitetea. "Sasa ulitaka useme nini?" akaniuliza. "Ungesema ni dawa ya sonona, ungejisingizia ugonjwa usio wako. Ungesema mama mdogo naye anaitumia, ungemwanika. Ungenyamaza, ungeonekana unaficha. Na mficha uchi hazai." Hoja nzito. Niliilala siku kadhaa. Lakini hebu turudi kwenye maneno yenyewe, sisi tunaojidai mafundi wa maneno. "Hizi ni za kipandauso." Hapo nilikuwa nimekwisha kujibu. Shangazi alikuwa amekwisha kupata kweli yote aliyoihitaji, na hakuna aliyeumia. Sentensi ya pili, "Siyo za vichaa", haikuongeza habari yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora mstari sakafuni, mimi huku na wengine kule. Nani yuko kule sikumtaja, na ndiyo maana niliona sikumtukana mtu. Kumbe mtu wa kule alikuwa jikoni anamenya machungwa.

Nilipogundua hivyo nikajiona nimetubu. Nikaenda kwa mama mdogo na hotuba yangu nzuri: sonona ni ugonjwa kama malaria, sonona siyo ukichaa, wewe siyo kama wale wa Mirembe. Nilikuwa katikati ya hotuba nikajisikia. Siyo, tena! Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma tangu mwaka 1927, imetibu watoto wa watu, baba za watu, na sisi jina lake tumeligeuza tusi la vijiweni. Nilikuwa nimeutoa mpaka sebuleni, nikausogeza hatua mbili, nikamweka mama mdogo upande wangu, na nikamwacha nje mtu mwingine. Mtu gani? Kila mji una wake. Yule anayesimama njia panda peku, anaongoza malori kwa mikono kama trafiki, watoto wanamrushia maganda. Yeye akisikia hotuba yangu atamsukumia nani? Hana wa kumsukumia. Mnyororo wa siyo unaishia kwake.

Sisemi kwamba magonjwa yote ni kitu kimoja. Daktari asipotofautisha ataua, na mimi nikipewa dozi ya mama mdogo nitalala mpaka Pasaka. Tofauti ya ugonjwa ni elimu. Lakini mimi sikuwa daktari pale sebuleni, nilikuwa mchumba anayelinda soko lake.

Na sasa lile nililosema nitalirudia. Daktari aliponiuliza kama nafurahia mambo, nilijibu "ndiyo" upesi. Ni kweli? Mwaka ule nilikuwa nimeacha kuandika. Nilikuwa siendi kwaya. Jioni nilikuwa naketi gizani, nasema ni kwa ajili ya macho, na kumbe hata siku zisizo na nyundo niliketi gizani. Imejulikana kwamba wenye kipandauso hupatwa na sonona zaidi ya wasio nacho. Nilipoanza kucheka tena baada ya miezi mitatu, ni kichwa kilichopona kikaleta raha, au kidonge kimoja kilifanya kazi mbili bila kuniomba ruhusa? Dozi yangu ni ndogo, daktari anasema yaelekea ni kichwa. Labda. Lakini sina uhakika kwamba nilipochora ule mstari nilikuwa nimesimama upande niliodhani.

Tulimrudisha mama mdogo hospitali. Walimwanzishia upya, taratibu, na ilichukua miezi miwili mpaka genge likafunguliwa. Nyanya zilizooza nilizilipa mimi. Nilimwomba radhi, akaniitikia "yamekwisha", kwa sauti ile ambayo watu wazima huitumia mambo yanapokuwa bado hayajaisha. Sikumlaumu.

Shangazi alikuja tena, safari hii na khanga ya zawadi na maneno ya tarehe. Pakiti mbili zilikuwa juu ya kabati. Mama mdogo ndiye aliyeziweka pale, mbele yetu wote, baada ya kuzitoa kwenye mkoba. Shangazi akaziangalia, akaniangalia mimi. Nikasema, "Ni dawa, shangazi." Nikafunga mdomo, na kuufunga kulikuwa kazi nzito kuliko mnavyodhani. Akamgeukia mama mdogo, na mama mdogo akamwuliza kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Alichofikiri shangazi mpaka leo sikijui. Tarehe ilipangwa, ikasogezwa, imepangwa tena.

Kabla sijaleta makala haya kwa mhariri nilimsomea mama mdogo yote, usiku, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Alisikiliza akiwa anachambua dagaa. Nilipofika mahali pa nyanya alicheka kidogo. Nilipomaliza nikamwuliza kama nibadilishe kitu, na kama anataka niondoe habari zake.

"Jina langu usiweke," akasema. "Na pale pa vidonge, acha vitatu. Usije ukaniandika kimoja ili nifanane na wewe."

Akanyoosha mkono kabatini, akanipa pakiti yangu, akachukua yake. Maji yalikuwa kikombe kimoja.